Deki, Kebo na Kufuli: Kurekodi Televisheni Nyumbani Marekani

Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya televisheni nchini Marekani vilizima mitambo yao ya analojia. Kwa miezi mingi kabla ya hapo serikali ilikuwa imepiga mbiu kila kona: mwenye antena atafute king'amuzi, na atapewa kuponi mbili za dola 40 kila moja zimpunguzie gharama. Wenye kebo waliambiwa wasiwe na wasiwasi, kampuni zao zitashughulikia. Zikashughulikia kweli. Baada ya muda, watu waliokuwa wamechomeka waya wa ukutani moja kwa moja nyuma ya deki waliona chaneli zikipotea moja baada ya nyingine, mpaka deki ikawa haikamati kitu ila chenga.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba analojia imekufa, deki ni mali ya analojia, basi deki imekufa nayo. Nusu ya maelezo hayo ni kweli. Kebo ilipohamia dijitali yalitokea mambo mawili, na watu wameyachanganya mpaka leo. Kwanza, picha iligeuzwa kuwa tarakimu. Pili, tarakimu hizo zilifungwa kwa msimbo, na ufunguo ukabaki kwa kampuni. Jambo la kwanza lilikuwa la ufundi, na lingeweza kumnufaisha anayerekodi kuliko mtu yeyote. Jambo la pili lilikuwa uamuzi wa biashara uliobarikiwa na serikali. Ukitaka kujua kwa nini Mmarekani wa leo anapangishwa kumbukumbu ya vipindi alivyovilipia, usiilaumu dijitali. Litazame kufuli.

Tuanze na jinsi mambo yalivyokuwa. Katika kebo ya analojia kila chaneli ilipewa kipande chake cha masafa chenye upana wa megahezi 6, na chaneli zote za kifurushi cha kawaida zilipita kwenye waya kwa wakati mmoja zikiwa wazi. Za kulipia zaidi, kama HBO, zilizuiwa kwa vichujio vilivyofungwa kwenye nguzo nje ya nyumba, au picha yake ilivurugwa makusudi. Zilizobaki hazikuwa na mlinzi. Televisheni na deki nyingi za miaka ya 1980 zilitengenezwa zikiwa na tyuna ya kebo, yaani ile sehemu ya ndani inayochagua masafa ya chaneli unayoitaka na kuyaacha mengine. Televisheni ina tyuna yake na deki ina ya kwake, kwa hiyo baba anatazama mpira chaneli 7 huku deki ikirekodi filamu chaneli 23. Ukiwa na deki tatu, unarekodi chaneli tatu. Kampuni ya kebo haina habari, wala hakuna wa kuomba ruhusa kwake.

Adha zilikuwepo. Kanda ya kawaida ya VHS, ile iliyoandikwa T-120, ilichukua saa mbili kwa mwendo wa kawaida na saa sita kwa mwendo wa pole, na kadiri ulivyopunguza mwendo ndivyo picha ilivyofifia. Kutega deki ili irekodi saa tatu usiku ukiwa kazini kuliwashinda wengi; nyumba nyingi deki ilikaa mwaka mzima ikipepesa 12:00 kwa sababu hakuna aliyejua kuiwekea saa. Mwaka 1990 kampuni ya Gemstar ilileta VCR Plus+: magazeti yakaanza kuchapa namba maalumu pembeni mwa kila kipindi, unaibonyeza kwenye rimoti, deki inajua chaneli, siku na saa. Kama msaada huo ulihitajika miaka 15 baada ya Sony kuleta deki ya Betamax, basi tusijidanganye kwamba zamani kila Mmarekani alikuwa fundi wa kurekodi.

Sheria nayo ilikuwa upande wa mtazamaji, ingawa kwa tundu la sindano. Mwaka 1976 studio za Universal na Disney ziliishtaki Sony zikidai kwamba Betamax ni chombo cha wizi wa hakimiliki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 17 Januari 1984 Sony ilishinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu, alisema matumizi makubwa ya deki ni kuhamisha muda: mtu anarekodi kipindi alichokuwa na haki ya kukitazama, anakitazama baadaye. Hilo si kosa. Miongoni mwa ushahidi uliotajwa ni wa Fred Rogers, mtangazaji maarufu wa vipindi vya watoto, aliyesema hana kinyongo na familia kurekodi kipindi chake ili wakitazame pamoja wakati unaowafaa. Hukumu hiyo haijawahi kutenguliwa. Inasimama mpaka leo, na jambo hilo tutalirudia.

Nani alifaidi uhuru huo kuliko wote? Ningemtaja Marion Stokes wa Philadelphia. Alikuwa mkutubi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alishiriki kutengeneza kipindi cha mijadala katika televisheni ya mji huo. Mgogoro wa mateka wa Marekani nchini Iran ulipoanza mwaka 1979, aliona habari zinavyobadilika saa kwa saa na jinsi za jana zisivyokumbukwa leo, akaamua kurekodi bila kukoma. Aliendelea kwa miaka zaidi ya 30. Nyumbani kwake deki kadhaa zilifanya kazi kwa pamoja, usiku na mchana, kila moja na chaneli yake ya habari. Kanda zilijaa kila baada ya saa chache, na maisha ya nyumba nzima yalipangwa kwa ratiba ya kubadilisha kanda. Wakiwa nje kwenye chakula, ilibidi wakatishe warudi. Alifariki tarehe 14 Desemba 2012, siku ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, na deki zilikuwa bado zinazunguka. Aliacha makumi ya maelfu ya kanda, na familia ikaikabidhi hazina hiyo kwa Internet Archive ya San Francisco. Mwaka 2019 mwongozaji Matt Wolf alitoa filamu kumhusu iitwayo Recorder.

Watu wanapenda kumsimulia kama mtu wa ajabu, na ajabu ilikuwepo. Lakini tazama alichohitaji: waya wa kebo, kigawanyishi cha waya cha dola chache, deki za dukani, na kanda. Hakuhitaji kibali cha kampuni yoyote, wala hakuna mashine yake iliyoweza kuamriwa kutoka nje isirekodi. Vituo vyenyewe vilikuwa na tabia ya kufuta kanda na kurekodi juu yake, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilianza kurekodi taarifa za habari za jioni tangu Agosti 1968. Sehemu ya kumbukumbu ya televisheni ya Marekani ipo kwa sababu watu wa pembeni waliiokota.

Sasa upande wa kampuni. Sababu yao ya kuhama ilikuwa ya haki, na anayeikana hajafanya hesabu. Kipande cha megahezi 6 kilichobeba chaneli moja ya analojia hubeba, kwa mfumo wa dijitali wanaouita 256-QAM, karibu megabiti 38 kila sekunde. Hapo unaingiza chaneli 10 au zaidi za picha ya kawaida, au mbili tatu za HD. Chaneli 60 za analojia zilikalia megahezi 360 za waya uliokuwa na mwisho. Wakati huohuo kampuni za satelaiti zilikuwa zinajinadi kwa wingi wa chaneli za HD, kampuni ya simu ya Verizon ilikuwa inatandaza nyuzi za mwanga mpaka mlangoni, na intaneti ilikuwa inageuka kuwa biashara kubwa kuliko televisheni. Kuendelea kutunza analojia kulikuwa sawa na kuacha jumba la ghorofa likae familia moja.

Serikali iliwawekea masharti mepesi. Mwaka 2007 Tume ya Mawasiliano, FCC, iliagiza kwamba kwa miaka mitatu baada ya minara kuzima analojia, yaani mpaka Juni 2012, kampuni ya kebo ama iendelee kutoa kwa analojia vituo vya mji vinavyolindwa na sheria, ama ihamie dijitali kabisa na kuhakikisha kila mteja ana kifaa cha kuvipokea. Kampuni kubwa hazikungoja mwisho. Comcast ilianza kugawa ving'amuzi vidogo vinavyoenea kiganjani, ikaondoa chaneli za analojia mji baada ya mji.

Kile kifaa kidogo kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndicho kilichoivunja desturi ya deki. Kina tundu la waya wa kuingia na tundu la waya wa kutoka, na kila unachochagua kinatoka kupitia chaneli 3 au 4. Hakuna kingine. Tyuna iliyokuwa ndani ya deki imekuwa ya pambo: unaiweka chaneli 3 na kuiacha hapo. Unataka deki irekodi filamu ya saa tatu usiku na tamthilia ya saa tano kwenye chaneli nyingine? Lazima mtu awepo saa tano kasoro aibadilishe chaneli kwenye king'amuzi. Unataka kutazama kimoja na kurekodi kingine? Unahitaji ving'amuzi viwili, kimoja cha deki na kimoja cha televisheni, na mara nyingi cha ziada kina ada yake ya mwezi. Namba za VCR Plus+ zilizokuwa zikichapwa gazetini hazikusaidia kitu, kwa kuwa deki haikuwa tena na mamlaka ya kubadilisha chaneli.

Mafundi walikuwa na dawa: waya mwembamba wenye jicho la infraredi nchani, unaobandikwa kwa gundi mbele ya king'amuzi. Kirekodi kinatuma amri kupitia jicho hilo, king'amuzi kinadhani ni rimoti. TiVo, kirekodi cha diski cha dukani, ilikuja na waya wa namna hiyo ndani ya boksi tangu mwanzo. Ulifanya kazi, ila si kila siku. King'amuzi kizito kikichelewa kusoma tarakimu moja, chaneli 125 inakuwa 12, nawe unarudi nyumbani na saa mbili za mnada wa vito badala ya fainali. Jicho likibanduka kwa joto, au mtoto akisimamisha sanamu mbele yake, umekosa. Hii ndiyo hali ambayo nchi tajiri kuliko zote ilifika mwaka 2009: mashine mbili za kidijitali zikizungumza kwa kukonyezana.

Msomaji wa Dar es Salaam aliyekuwepo Desemba 2012, analojia ilipozimwa jijini, hahitaji kuchorewa picha. Deki na televisheni za zamani ziligeuka skrini na spika za king'amuzi, na kurekodi kitu huku ukitazama kingine kukaisha. Kwetu, hata hivyo, utamaduni wa kurekodi kutoka hewani haukuwa umeota mizizi sana. Deki ilikuwa zaidi ya kuangalizia kanda za kukodi, na kanda za harusi. Marekani ilipoteza kitu ilichokizoea kwa miaka 30 na zaidi.

Ni hapa ambapo jambo la kwanza na la pili yanatengana, na ushahidi upo. Kati ya mwaka 2007 na 2012 kulikuwa na dirisha ambalo dijitali ilikuwepo na kufuli halikuwa limekamilika. Kuanzia tarehe 1 Machi 2007 kila kifaa chenye tyuna ya televisheni kilichotengenezwa au kuingizwa Marekani kilipaswa kuwa na tyuna ya dijitali, na vingi viliongezewa uwezo wa kusoma dijitali ya kebo isiyofungwa. Kanuni ya FCC ya tangu miaka ya 1990 ilikataza kampuni za kebo kuvifunga vituo vya kifurushi cha chini kabisa, vile vya mji na mitandao mikuu. Basi mtu alinunua kadi ya kompyuta, au kile kiboksi cha HDHomeRun cha kampuni ya SiliconDust, akachomeka waya, akaweka programu huria ya MythTV ambayo Isaac Richards aliianzisha mwaka 2002, akawa na kirekodi kilichoipita deki yoyote iliyowahi kutengenezwa.

Kuipita kivipi? Deki ya VHS hurekodi picha kwa kuikadiria: inapoteza rangi, inapoteza ncha kali, na ukirudufu kanda unapoteza tena. Kirekodi cha dijitali hakifanyi picha upya. Kinapokea mkondo wa tarakimu na kuuandika kwenye diski kama ulivyo, biti kwa biti. Saa moja ya HD ilichukua kitu kama gigabaiti 6 hadi 8, na nakala ya kumi haikuwa na tofauti na ya kwanza. Kwa kuwa mkondo mmoja wa megahezi 6 hubeba chaneli kadhaa, tyuna moja iliweza kurekodi zaidi ya kipindi kimoja kwa wakati. Anayesema dijitali iliua kurekodi nyumbani anaisahau miaka hiyo. Kwa vituo vilivyokuwa wazi, hali haijawahi kuwa nzuri namna ile, kabla wala baada.

Dirisha lilifungwa Oktoba 2012, FCC iliporuhusu kampuni zilizohamia dijitali kikamilifu kufunga hata kifurushi cha chini. Kampuni zilidai kwamba msimbo utazuia wizi, na kwamba utaziwezesha kumwunganisha au kumkata mteja kwa kubonyeza ofisini badala ya kutuma gari na fundi. Hoja ya gari ni ya kweli, nakubali. Lakini gharama iliyookolewa na kampuni ilihamia kwa mteja: kila televisheni ya jikoni na ya chumba cha watoto iliyokuwa ikitumia waya mtupu sasa ilihitaji king'amuzi, cha bure kwa muda uliowekwa kisha cha kulipia. Kadi za kompyuta zilizokuwa zikifanya kazi jana hazikuwa na la kupokea.

Lakini si sheria ilikuwa imeliona hili mapema? Iliona, tena mapema mno. Sheria ya Mawasiliano ya 1996, aliyoitia saini Rais Bill Clinton, ilileta kifungu cha 629 kilichoiagiza FCC ihakikishe mteja anaweza kununua dukani kifaa cha kupokelea kebo kutoka kwa mtengenezaji asiye na uhusiano na kampuni ya kebo. Matokeo yake ni CableCARD: kadi ya ukubwa wa zile za kompyuta za mkononi za zamani, inayobeba ufunguo. Kampuni inakupa kadi, unaichomeka kwenye kirekodi chako ulichonunua, nacho kinafungua chaneli ulizolipia. Tarehe 1 Julai 2007 kampuni zenyewe zililazimishwa kutumia kadi hiyohiyo katika ving'amuzi vyao vipya, kwa mantiki kwamba mpishi akilazimishwa kula chakula chake ataweka chumvi.

Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji ulitia aibu. Kadi za mwanzo zilifungua mkondo mmoja tu, kwa hiyo TiVo yenye tyuna mbili ilihitaji kadi mbili. Mara nyingi mteja alilazimika kungoja fundi aje kuchomeka kadi ambayo yeye mwenyewe angeichomeka kwa nusu dakika, na fundi akifika hajui namba za kusoma kwa ofisi ili kadi ioanishwe na kifaa. Kampuni nyingine zilianza kutuma baadhi ya chaneli pale tu mtu anapoziomba, na kirekodi cha dukani hakikuwa na njia ya kuomba, hivyo kikahitaji kifaa kingine cha pembeni. Ukiuliza sababu, kila moja ilikuwa na maelezo yake ya kiufundi. Ukizijumlisha, zote zilimsukuma mtu kule kule: kodi king'amuzi chetu. Mwishowe kadi zilizoingia kwenye vifaa vya dukani zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, wakati zile zilizokuwa ndani ya ving'amuzi vya kampuni zilikuwa makumi ya mamilioni.

Hata aliyefanikiwa kuichomeka hakuwa huru. Mwaka 2003 FCC ilipitisha makubaliano ya kampuni za kebo na watengenezaji wa televisheni yaliyoruhusu kila chaneli kubeba alama ya ruhusa. Vituo vya hewani vinakiliwe bila kikomo. Chaneli za kebo zinaweza kuwekewa alama ya nakala moja tu. Filamu za kulipia kwa kila utazamaji zisinakiliwe kabisa. Nakala moja maana yake ni kwamba kipindi kinabaki kwenye mashine iliyokirekodi. Huwezi kukihamishia kwenye kompyuta, huwezi kukichoma kwenye DVD, na kompyuta yenye programu ya kurekodia ya Windows Media Center ikifa, rekodi zinakufa nayo hata kama umeiokoa diski. Kampuni moja iliacha chaneli nyingi wazi. Nyingine iliibandika alama hiyo karibu kila mahali isipokuwa vituo vya mji. Majirani wa miji miwili walikuwa na kirekodi kilekile, kadi ileile, na haki tofauti.

Hapa ndipo hukumu ya 1984 inaporudi. Mahakama ilisema kurekodi ili utazame baadaye si kosa. Haikusema kwamba mtu yeyote analazimika kukuwezesha. Kisha mwaka 1998 Kongresi ilipitisha sheria ya hakimiliki ya zama za dijitali, DMCA, inayofanya kuvunja kufuli la kielektroniki kuwa kosa lenyewe, hata kama ulichotaka kukifanya ndani ya kufuli ni halali. Sheria hiyohiyo iliziamuru deki za VHS ziheshimu kinga ya Macrovision, ile inayoharibu picha ukijaribu kunakili kanda ya dukani, ingawa ilikataza kinga hiyo kutumika kwa matangazo ya kawaida ya bure. Kwa hiyo haki ya Betamax ipo vitabuni, hai na salama. Kilichokosekana ni mahali pa kuitumia.

Haikuwa kwamba wakubwa walishinda kila raundi. Mwaka 2003 FCC ilipojaribu kulazimisha vifaa vyote vitii alama ya kuzuia kunakili hata katika matangazo ya antena, wakutubi na watetezi wa walaji walikwenda mahakamani, na Mei 2005 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema tume haina mamlaka hayo. Na palikuwa na tundu la analojia: ving'amuzi vingi vya HD vilikuwa na matundu matatu ya picha, jekundu, kijani na buluu, yasiyo na msimbo. Mwaka 2008 kampuni ya Hauppauge ilitoa kifaa kilichochomekwa hapo na kurekodi kila kilichopita. Ni kejeli ya aina yake: aliyetaka rekodi huru ya dijitali ilibidi airudishe picha kwenye analojia kwanza.

Walio wengi hawakupita njia hizo. Walikodi kirekodi cha kampuni, na nisiwabeze: kilikuwa chepesi kutumia, kilijua ratiba ya wiki mbili, kilirekodi mfululizo mzima kwa kubonyeza mara moja. TiVo iliyoanzisha mambo hayo mwaka 1999, ikiuzwa dola 499 kwa uwezo wa saa 14, iliigwa na kila kampuni ya kebo. Uchunguzi wa maseneta Edward Markey na Richard Blumenthal mwaka 2015 ulikuta kwamba kaya ya kawaida ililipa zaidi ya dola 230 kwa mwaka kwa kukodi ving'amuzi tu, na kwamba karibu kila mteja alikuwa anakodi. Mwaka uliofuata mwenyekiti wa FCC, Tom Wheeler, alipendekeza soko lifunguliwe upya. Septemba 2016 hoja iliondolewa kwenye ajenda siku ya kura, nayo haikurudi. Sharti la kampuni kutumia kadi katika ving'amuzi vyao lilikuwa limekwisha Desemba 2015 kwa amri ya Kongresi. Septemba 2020 FCC ikafuta kanuni zilizobaki za CableCARD.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiondoa diski yenyewe sebuleni. Kampuni ya Cablevision ya New York ilipendekeza kirekodi kilichoko kwenye kituo chake, kila mteja na nakala yake, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba anayenakili ni mteja anayebonyeza, si kampuni. Juu ya uamuzi huo vimejengwa virekodi vya mtandaoni vya leo. Ni rahisi, havijai, havivunjiki. Ila Desemba 2021 YouTube TV ilipokosana na Disney kuhusu malipo, chaneli za Disney ziliondolewa pamoja na vipindi ambavyo wateja walikuwa wamekwisha kuvirekodi. Wakubwa wakapatana ndani ya siku chache, rekodi zikarudi. Hakuna kanda ya Marion Stokes iliyowahi kutoweka rafuni kwa sababu CNN imegombana na kampuni ya kebo.

Kwa hiyo aliyeko Marekani leo na anayetaka rekodi iliyo yake amebakiwa na antena. Matangazo ya hewani ya mfumo wa kwanza wa dijitali hayana kufuli, picha yake ni safi kuliko ya kebo nyingi, na tyuna nne ndani ya kiboksi kimoja zinarekodi vituo vinne kwa pamoja kwenye diski unayoimiliki. Hata hapo pameanza kusogelewa. Mfumo mpya wa hewani, ATSC 3.0, unaruhusu matangazo kufungwa kwa msimbo, na tangu 2023 vituo katika miji mingi vimeanza kufanya hivyo. HDHomeRun zilizouzwa kwa ajili ya mfumo huo zimeshindwa kuyafungua. Chama cha watangazaji kimekwisha kuiomba FCC ipange tarehe ya kuuzima mfumo wa zamani. FCC hupokea maoni ya wananchi kabla ya kuamua mambo kama hayo, na wewe unayeishi huko, raia au mgeni, hakuna anayekuzuia kuandika. Andika kabla hawajafunga hesabu: mhame mnavyotaka, lakini hewa ya umma isitiwe kufuli.